Chombo cha Jiwe chenye Umbo la Mnyama: Umbo, Jina na Maana

1. Utangulizi

Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Misri ya Juu vimo vyombo vidogo vya jiwe vilivyochongwa kwa maumbo ya wanyama: chura aliyejikunyata, samaki, kobe, kiboko, tembo, na ndege aliyetulia bila miguu. Vyombo hivi vilitangulia piramidi ya kwanza kwa karne nyingi. Sehemu kubwa yake ilitengenezwa kati ya mwaka 3600 na mwaka 3000 K.K., yaani katika vipindi ambavyo wanaakiolojia huviita Naqada II na Naqada III. Leo vimetawanyika katika majumba ya makumbusho ya Cairo, London, Berlin, New York na kwingineko, na kila anayevitazama hujikuta akiuliza swali moja: kwa nini mnyama?

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza vyombo hivyo ni nini na vilitengenezwaje. Pili, kuonyesha kwa mifano ya Kiswahili jinsi lugha inavyohusisha chombo, mwili na mnyama. Tatu, kuvilinganisha na sanamu za wanyama za Walega wa Kivu ya Kusini na Maniema, ambazo maneno yake bado yapo, ingawa yanazidi kupungua. Hoja inayotetewa ni kwamba umbo la mnyama peke yake halisemi maana yake. Maana hukaa katika maneno na matendo yanayokizunguka kitu. Maneno yakipotea, umbo hubaki bubu, hata likiwa zuri namna gani.

2. Utamaduni wa Naqada

Naqada ni mji mdogo ulioko ukingo wa magharibi wa mto Nili, kaskazini ya Luxor. Katika msimu wa 1894–1895, Mwingereza Flinders Petrie alifukua huko makaburi zaidi ya 2000. Maiti walikuwa wamelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kando yao kuna vyungu, shanga, vibao vya kusagia wanja na vyombo vya jiwe. Kwa kuwa vitu hivyo havikufanana na vile vilivyojulikana vya Misri ya Mafarao, Petrie alidhani kuwa ni mali ya taifa jipya la wageni walioivamia nchi baada ya Ufalme wa Kale. Baada ya muda mfupi Mfaransa Jacques de Morgan alionyesha kwamba watu hao hawakuwa wageni: walikuwa wenyeji wa Misri walioishi kabla ya Mafarao. Petrie mwenyewe aliukubali ukweli huo. Kisha alivipanga vyungu vya makaburi 900 hivi kwa kufuata mabadiliko ya maumbo yake, na kwa njia hiyo akapata mfululizo wa vipindi pasipo kuwa na maandishi hata mstari mmoja.

Habari hii ina funzo la aina mbili. Umbo liliweza kumwambia Petrie ni chungu kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Lakini umbo lilelile lilimpotosha alipotaka kujua waliokifinyanga walikuwa akina nani. Kupanga maumbo ni kazi moja, kufasiri maana ni kazi nyingine.

Watu wa Naqada walikuwa wakulima na wafugaji, walioishi karibu sana na wanyama wa mtoni, wa vinamasini na wa nyikani. Kabla ya vyombo vya jiwe vyenye maumbo ya wanyama kuenea, tayari walikuwa wakichonga vibao vya wanja vyenye umbo la samaki, kobe, kiboko na ndege, kwa jiwe la kijivujivu lililotoka Wadi Hammamat katika jangwa la mashariki. Juu ya vibao hivyo walisaga malakiti ya kijani ili kupaka machoni. Huko Hierakonpolis, mji uliojulikana zamani kwa jina la Nekhen, makaburi ya wakuu wa mji yalizungukwa na makaburi ya wanyama: tembo, kiboko, nyani, chui, mamba na ng'ombe wa mwituni. Jamii iliyochimba kaburi zima kwa ajili ya tembo haikumchukulia mnyama kuwa pambo tu. Hata hivyo, kusema kwamba mnyama alikuwa na uzito si sawa na kusema uzito huo ulikuwa nini.

3. Jinsi chombo kilivyochongwa

Mafundi walitumia mawe ya namna nyingi: mawe ya chokaa, alabasta, basalti nyeusi, na breksia, yaani jiwe lililoshikamana kwa vipande vyekundu na vyeupe. Breksia ilipendwa sana kwa ndege na vyura, labda kwa sababu madoa yake huleta sura ya manyoya au ya ngozi.

Fundi alianza na umbo la nje. Aligonga jiwe kwa jiwe gumu zaidi, akalisugua kwa mchanga mpaka likawa laini. Baadaye ndipo alipoingia kazi ya hatari, ya kutoboa ndani. Chombo chake kilikuwa namna ya keekee: kijiti kilichofungiwa mawe mazito juu ili kukandamiza, na chini kikashikilia jino la gumegume lenye umbo la mwezi mwandamo. Kijiti kilizungushwa kwa mkono huku mchanga mgumu ukitiwa ndani. Kwa hakika mchanga ndio uliokuwa ukila jiwe. Ili kupanua tumbo la chombo chenye mdomo mwembamba, fundi alitumia jiwe refu lililobanwa katikati, ambalo liliweza kuingizwa kwa wima kisha likageuzwa likalala. Majaribio ya Mwingereza Denys Stocks, aliyeziunda upya zana hizi na kuzitumia, yameonyesha kwamba kazi hiyo iliwezekana, ila ilidai saa nyingi mno. Jiwe likipasuka wakati wa kutoboa, kazi yote ya nje ilikuwa imepotea.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa hapa. Kwanza, kwa kuwa ndani palitobolewa kwa kuzungusha, tundu kwa kawaida ni la mviringo kama la mtungi wowote. Ndani ni mtungi, nje ni chura. Pili, vyombo vingi vina vishikio vidogo vilivyotobolewa ubavuni, vya kupitisha kamba ili kukining'iniza chombo au kufunga kifuniko. Kwa jinsi vilivyo vidogo, yamkini vilihifadhia mafuta, marhamu au wanja. Hivyo chura wa jiwe alikuwa chombo cha kazi, hata kama kazi yake ya mwisho ilikuwa kumfuata marehemu kaburini.

Ufundi huo uliheshimiwa. Wamisri walipoanza kuandika, mchoro wa keekee hiyo ulitumika kuandikia neno lenye maana ya ufundi. Uzalishaji nao ulikuwa mkubwa: chini ya piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser huko Saqqara, iliyojengwa yapata mwaka 2650 K.K., palikutwa vyombo vya jiwe vipatavyo 40,000. Lakini wingi huo ni wa sahani, bakuli na mitungi ya kawaida. Chombo chenye umbo la mnyama kilikuwa kazi ya pekee.

Upekee huo umeleta taabu. Vyombo vingi vya namna hii vilivyomo katika makumbusho havikufukuliwa na wanaakiolojia, bali vilinunuliwa kwa wafanyabiashara. Kaburi lake halijulikani, jirani zake kaburini hawajulikani, na baadhi yake hushukiwa kuwa ni bandia. Chombo kilichong'olewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake kabla hakijaanza kuchunguzwa.

4. Chombo, mwili na mnyama katika Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kuelewa jinsi chombo kinavyoweza kuwa mnyama. Lugha yake imekwisha kukifanya chombo kuwa mwili. Chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako. Vishikio vyake huitwa masikio. Mtungi ukivunjika shingo, hakuna anayedhani kwamba pana kiumbe kilichokufa. Sitiari hizi zimezoeleka mno hata hazihisiki tena kuwa ni sitiari. Fundi wa Naqada aliyeongeza macho mawili juu ya mtungi wenye mdomo na tumbo alipiga hatua moja tu mbele ya hapo.

Mfano wenye nguvu zaidi ni neno mbuzi. Kwa wasomaji wa Kivu, ambako minazi si mingi, inafaa kueleza kwamba watu wa pwani huita mbuzi kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho hukaliwa wakati wa kukuna nazi. Ni jina moja, lakini sarufi haichanganyi mambo. Husemwa:

(a) Mbuzi wangu amepotea.
(b) Mbuzi yangu imepotea.

Katika (a) upatanisho ni wa viumbe hai, na atakayetafutwa ni mnyama. Katika (b) upatanisho ni wa vitu, na kitakachotafutwa ni kifaa cha jikoni. Silabi chache za upatanisho ndizo zinazobeba tofauti yote. Mtu akikifukua kigoda hicho baada ya miaka 5000, na akabahatika kujua kwamba kiliitwa kwa jina la mnyama fulani, huenda akaandika kitabu kizima juu ya ibada ya mbuzi katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kosa lake halitatokana na uvivu, bali na kukosa sentensi (a) na (b).

Swali hilohilo humkabili anayetaka kuandika habari za vyombo vya Naqada kwa Kiswahili. Je, aseme "chura huyu amechongwa kwa breksia" au "chombo hiki chenye umbo la chura kimechongwa kwa breksia"? Sentensi ya kwanza inamtanguliza mnyama. Ya pili inatanguliza kifaa. Zote ni sahihi, wala hakuna inayoweza kudai kuwa ndiyo iliyokuwa katika fikira za fundi. Inashauriwa kwamba maelezo ya kitaalamu yatumie muundo wa pili, si kwa sababu ndio wa kweli zaidi, bali kwa sababu hauamui mapema jambo ambalo ushahidi haujaliamua.

Lugha ina mlango mwingine tena. Neno paa lina maana ya mnyama wa mwituni, na pia maana ya sehemu ya juu ya nyumba. Mtu asiye na herufi angeweza kuchora mnyama huyo naye akakusudia nyumba. Jambo la namna hii lilitokea kweli Misri. Mwaka 1988 Mjerumani Günter Dreyer alilifukua huko Abydos kaburi lililopewa alama ya U-j, la yapata mwaka 3200 K.K. Humo mlikuwa na vibandiko vidogo vya mfupa na pembe, zaidi ya 150, vyenye michoro ya ndege, tembo na wanyama wengine. Wataalamu wengi huvihesabu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Misri, na husema kwamba baadhi ya wanyama hao husomwa kwa sauti ya majina yao, si kwa wanyama wenyewe. Namna ya kukisoma kila kibandiko bado inabishaniwa. Linaloonekana wazi ni hili: katika karne zilezile ambazo ndege wa breksia walichongwa, mchoro wa ndege ulikwisha kuweza kumaanisha kitu kisichokuwa ndege.

5. Hatari ya kurudisha maana nyuma

Njia rahisi ya kuvifasiri vyombo hivi imekuwa kuazima maana kutoka Misri ya baadaye. Kwa kuwa Heqet, mungu wa kike wa uzazi, alikuwa na sura ya chura, husemwa kwamba chura wa jiwe ni alama ya uzazi. Kwa kuwa kiluwiluwi kilitumika katika hiroglifu kuandika 100,000, husemwa kwamba chura ni alama ya wingi. Kwa kuwa Taweret, mlinzi wa wajawazito, alikuwa na mwili wa kiboko, husemwa kwamba kiboko wa Naqada alimlinda mama.

Tafsiri hizi huenda zikawa na ukweli, ila hazijathibitishwa, na mfano wa kobe unatosha kuleta tahadhari. Katika zama za Naqada kobe alichongwa mara nyingi kwenye vibao vya wanja, vitu vya kujipamba na vya kuzikwa navyo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika maandishi ya dini, kobe amekuwa adui wa mungu Ra, kiumbe wa gizani anayepaswa kuangamizwa. Mtu akiirudisha maana hiyo nyuma, itambidi aseme kwamba watu wa Naqada walijipamba kwa adui yao. La busara ni kukiri kwamba mnyama alibaki yuleyule na maana ikabadilika.

6. Bulega: pale maneno yalipo

Barabara itokayo Bukavu kwenda kaskazini hugawanyika Miti. Mkono mmoja hufuata Kavumu na Katana. Mwingine hupanda kuelekea Tshivanga na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Si mbali na njiapanda hiyo, huko Lwiro, ndipo palipojengwa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati (IRSAC), iliyoundwa mwaka 1947, ambayo leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Miongoni mwa watafiti wa IRSAC alikuwa Mbelgiji Daniel Biebuyck, ambaye katika miaka ya 1950 alifanya utafiti mrefu kwa Walega. Ndiye pia aliyeandika mwaka 1956 utendi wa Mwindo kwa Wanyanga, kutoka kinywani mwa Candi Rureke, na kuuchapisha mwaka 1969 pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene.

Walega hukaa hasa Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema. Maisha yao ya kijamii yaliongozwa na chama cha bwami, chenye madaraja ambayo la juu kabisa kwa wanaume ni kindi. Wanachama walikuwa na vitu viitwavyo masengo: vinyago, sanamu za watu na za wanyama za pembe ya tembo, mfupa na mti, pamoja na vitu vya porini vyenyewe, kama magamba ya kakakuona, midomo ya hondohondo na magamba ya kobe. Vitu hivi viliwekwa katika mifuko na vikapu, vikatolewa wakati wa jando la chama. Hapo viliimbwa, vilichezwa na kusemewa methali.

Biebuyck, ambaye kitabu chake juu ya utamaduni wa Walega kilitoka mwaka 1973, alionyesha jambo ambalo hakuna jumba la makumbusho lingeweza kulikisia. Sanamu moja iliweza kufungamanishwa na methali kadhaa, na methali moja iliweza kuonyeshwa kwa vitu mbalimbali. Sanamu haikuwa na maana moja iliyofichwa ndani yake kama kiini ndani ya kokwa. Maana ilitolewa na msemaji, mahali fulani, mbele ya wasikilizaji wa daraja fulani.

Mifano miwili itoshe. Kakakuona aliheshimiwa kwa kuwa inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba: magamba yake hulaliana kama majani ya paa. Nani angemtazama kakakuona wa pembe akafikiri habari za nyumba, asipoambiwa? Tena ipo sanamu yenye nyuso nyingi iitwayo Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi. Mgeni huiona mara moja kuwa ni mungu au jini. Kumbe hufundisha juu ya mtu mwenye hekima, anayetazama jambo pande zote kabla ya kuamua.

Mwaka 1948 utawala wa kikoloni wa Ubelgiji uliupiga bwami marufuku. Sanamu nyingi zilinunuliwa na kupelekwa nje, na leo zipo Tervuren, Los Angeles na kwingineko. Sanamu ilisafiri, methali haikusafiri nayo. Kutoka hapo, kakakuona wa pembe alianza kufanana na chura wa breksia.

7. Mipaka ya ulinganishi

Ulinganishi huu usieleweke vibaya. Haudai kwamba Walega walitoka Naqada, wala kwamba bwami ni mabaki ya dini ya Misri. Swali la uhusiano wa Misri ya kale na Afrika nyingine ni swali halali. Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walilitetea kwa nguvu katika kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo mwaka 1974. Lakini swali hilo hujibiwa kwa ushahidi wa lugha, wa mifupa na wa ufinyanzi, si kwa kuona kobe huku na kobe kule. Kati ya vyombo vya Naqada na sanamu za Bulega pana zaidi ya miaka 4000, na jiwe si pembe.

Kinacholinganishwa hapa si asili, bali hali ya ushahidi. Bulega haiwezi kutuambia chura wa Naqada alimaanisha nini. Inaweza kutuambia ni aina gani ya jambo lililopotea: huenda haikuwa alama moja ya kutafutwa katika kamusi ya miungu, bali mafungu ya maneno yaliyosemwa na watu waliojua lini yasemwe.

8. Hitimisho

Vyombo vya jiwe vyenye maumbo ya wanyama vimedumu miaka 5000 kwa sababu jiwe halili chakula wala halisahau. Maneno yake hayakudumu hata kidogo, kwa kuwa yalikuwa vinywani mwa watu, na watu hao hawakuwa bado na maandishi ya kuyatosha. Hasara hiyo haina tena dawa.

Ya Bulega bado ina dawa. Vita vilivyoikumba Kivu tangu mwaka 1996 vimewahamisha watu vijijini na kuwatenganisha wazee na vijana ambao wangewarithi. Hata hivyo wapo wanaokumbuka, na wapo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Bukavu wenye wazazi Mwenga na Shabunda. Kazi iliyo mbele yao si kukusanya sanamu, ambazo nyingi zimekwisha kuondoka, bali kukusanya semi. Kila usemi uandikwe kwanza kwa Kilega, kama ulivyotamkwa, pamoja na upatanisho wake wa kisarufi, kisha ufasiriwe kwa Kiswahili. Na iandikwe vilevile husemwa lini, mbele ya nani, na kitu gani kikiwa mkononi. Umbo la kakakuona litahifadhiwa na pembe yenyewe. Habari ya paa la nyumba haina wa kuihifadhi isipokuwa wasemaji wake na wale watakaowasikiliza.